Kwa Waliokuja Kufunzwa

Mmekuja watatu, viatu mmeviacha mlangoni kwa adabu.
Mbodze wa Bombolulu, umekumbatia daftari jipya.
Athmani umenyoa kipara, sijui nani kakwambia
uganga huingilia utosini.
Na wewe wa tatu hujataja jina, umeketi karibu na mlango
kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mwasema, "Bi Mwanasha, tufunze uchawi."
Neno hilo hapa Kuze hatulitamki kabla ya chai.
Kunyweni. Tangawizi imezidi, najua.

Hamtapata kitabu. Hamtapata pete.
Mtapata ufagio.
Miezi sita mtaufagia ua huu, na katika kufagia mtajua
mkunazi waangusha majani saa ngapi,
siafu wapita wapi,
kivumbasi kikikauka chanukaje, na kikioza chanukaje.
Asiyejua harufu hizo mbili
atamnywesha mtu sumu, kisha aseme ni majaaliwa.

Mbodze, andika: kunguru si dalili.
Kunguru wa Mombasa ataka hamri lako.
Akilia juu ya paa mara tatu, ana njaa mara tatu.
Usiandike kingine kuhusu kunguru.

Andika: homa.
Mtoto ataletwa anatetemeka, macho yamegeuka,
mamake aseme ni pepo, nyanyake aseme ni kijicho.
Wewe usiseme kitu. Mguse shingo.
Kisha mbebe mwenyewe, kwa miguu yako, hadi Makadara hospitali,
apimwe damu.
Ubani tutaufukiza akirudi.
Ubani hauna haraka; malaria inayo.

Athmani, umeyaona maandishi kwenye nguzo za stima
toka Mwembe Tayari mpaka Sabasaba:
hurudisha mume, huvuta pesa, hukamata mwizi, lipa baada ya kazi.
Mmoja wao ni shemeji yangu.
Hajui mdaa wala mnavu.
Mkewe alimtoroka mwaka jana,
na nambari yake ingali ukutani, yarudisha wake za watu.

Na kama kuna aliyekuja kwa sababu ya mapenzi,
mimi mwenyewe niliandikiwa kombe na marehemu mwalimu wangu,
zafarani safi, si rangi ya pilau.
Nikalinywa lote, nikairamba na sahani.
Yule bwana akaoa Lamu.

Sasa wekeni vikombe chini. Hili msiandike.

Nilikuwa na umri wenu. Nilijua miti kumi na mmoja
nikajiona bahari.
Jirani yetu kule Kisauni, Bi Nyevu, kichwa cheupe pee,
macho mekundu kwa moshi wa kuni,
alikuwa akizungumza na kuku wake usiku.
Akafa mtoto wa mtaani. Watu wakaja kuniuliza,
kwa kuwa najua miti.
Sikusema neno. Nilielekeza tu,
hata si kwa kidole. Kwa kidevu.
Kidevu hiki.

Asubuhi nyumba yake ya makuti ilikuwa jivu lenye joto
na kuku wamesimama kando, wangoja kuitwa.

Walinishukuru. Waliniletea doti ya kanga.
Kila Ramadhani naifungua, naikunja tena.
Haijawahi kugusa maji.

Mwalimu wangu alipopata habari hakunipiga.
Alinipa ufagio, akanambia nianze upya,
toka mti wa kwanza.
Na tangu siku hiyo kila ajaye hapa kuniuliza, "Ni nani aliyenifanyia?"
mimi huangalia sakafu, nikamuuliza:
amekula nini, amelala wapi, anadaiwa na nani.
Mara nyingi jibu huwa hapo kwenye deni.

Wewe wa mlangoni, nenda katazame chungu chako.
Si aibu. Heri ya anayeondoka mapema.
Wanaobaki, ufagio uko nyuma ya pipa la maji.
Ni mmoja, mtapokezana.
Njooni Alhamisi, bati halijapata moto,
na mje na mahamri ya kutosha:
kunguru wa paa hili wananijua.