Kaburi la Boksi

Jumamosi Kuu, Hombolo. Mvua imegoma tangu juzi.
Maganda ya vitunguu yanachemka na mayai matatu;
la nne Ndahani kalikalia kama kuku,
anadai litatoa kifaranga.

Sechelela anakata boksi la viatu vya baba yake.
Hili kaburi, anasema. Jiwe ni kiazi.
Gundi ni uji wa jana, nao unashika kuliko nilivyodhani,
hata kwenye nywele.

Nakoroga sukari, karanga zinasubiri ungoni.
"Msiguse, inaunguza!" Vidole vishafika.
Kashata tunazikata zingali moto, hazilingani,
moja ina umbo la Ndahani alivyoisukuma.
Ile nzuri tunaivika kitambaa cheupe,
tunailaza kaburini.
Kiazi mlangoni. Taa nazima.

Alfajiri, kengele haijalia,
nasikia nyayo, kiazi kinabingirika.
Nafika: boksi tupu,
kitambaa kimekunjwa vizuri kando,
na Ndahani, chenga za karanga kidevuni,
macho makavu:
"Mama, hayumo. Kafufuka."

Nimfanyeje?
Nimemfuta kidevu, tukaenda ibadani.