Taa ya Manjano Imeinama

Bahasha ilifika Jumanne, ina stempu za Ufini,
imebonyea pembeni kama kopo lililokanyagwa.
Ndani: bodi ya kijani, ndogo kuliko kiganja,
vitaa vinne, vitufe vinne,
chipu moja yenye miguu ishirini na minane,
na rizista zilizovishwa pete za rangi
kama vidole vya bibi harusi.
"Mchezo wa kukumbuka," Kaarel akasoma.
"Baba anasema tuunganishe wenyewe."

Baba yake yuko Turku, anapiga plasta kuta za watu.
Hapa Tartu mto umeganda,
kipimajoto kinasoma kumi na nane chini ya sifuri,
na meza yetu ya jikoni ina miguu mitatu mizima.
Niliazima chuma cha kulehemu kwa fundi baiskeli wa ghorofa ya pili.
Nikamwambia mwanangu: ncha hii haina meno, ila inauma.

Mara ya kwanza risasi ilikataa.
Ilijikunja tone, ikabiringika,
ikatoboa kitambaa cha meza, kile alichofuma mama mkwe
majira ya baridi mawili.
Nikaweka bakuli la sukari juu ya tundu.
(Bakuli bado lipo hapo hapo.)
Mara ya pili tukapasha mguu kwanza, si risasi,
tukahesabu moja, mbili,
nayo ikalainika, ikauzunguka mguu, ikatulia
iking'aa kama chozi lililoghairi kudondoka.
Moshi ukapanda na harufu ya utomvu wa msonobari.
Helve, mama mkwe, akainua pua kitini:
"Nani anapasua kuni humu ndani?"

Jumatano. Alhamisi.
Kaarel ana miaka kumi na mmoja
na subira ya dakika nane; nimeipima.
Yeye alilehemu vitufe. Mimi chipu, pumzi nimeibana,
kila mguu na jirani yake asiyetakiwa kuguswa.
Ijumaa usiku tukatia betri.
Nyekundu ikawaka. Kijani. Buluu.
Manjano, kimya.

Haraka haraka haina baraka, ndiyo, najua,
lakini nani anataka methali saa nne usiku?
Tukageuza bodi, tukapekua
kwa lenzi ya Helve ya kusomea chupa za dawa.
Mguu mrefu ulikuwa tundu la mguu mfupi.
Kulehemu ni kazi; kulehemua ni kuomba radhi.
Taa ikatoka, ikarudi, imeinama kidogo
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Ikawaka.

Kaarel alifika tisa. Mimi saba, nikalaumu macho.
Helve akaomba zamu, akayafumba yake.
Miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya ubao wa simu,
nyaya mikononi, sauti za watu masikioni,
akiwaunganisha wa hapa na wa Valga,
wachumba, wadai, waliofiwa.
"Kila kitaa kina mlio wake," akasema. "Rangi ni zenu."
Kumi na nne. Kumi na tisa.
Birika likachemka hadi likakauka,
alilibandika yeye, akalisahau yeye.

Ndipo Raivo akapiga, vumbi la plasta limo hadi kwenye sauti yake.
"Inafanya kazi?"
Kaarel akamsikilizisha milio, mmoja mmoja, na jina la kila rangi,
akaweka simu kando ya mchezo.
Helve akaketi wima, akakohoa,
akatoa sauti nisiyoijua, ya msichana aliye kazini:
"Turku, umeunganishwa. Zungumza."

"Kijani," akasema Raivo. Kaarel akabonyeza.
"Kijani, buluu."
"Kijani, buluu..." Akanyamaza.
Nikasikia redio ya mtu mwingine chumbani kwake.
"Ile ya juu. Inaitwaje ile?"
"Manjano," akasema Kaarel. "Iliyoinama."
"Kwa nini imeinama?"

Tukaanza kumjibu watatu kwa pamoja,
na mchezo, ulipochoka kungoja,
ukalia mlio wake wa kushindwa.
Hakuna aliyeujali.