Tanuri la Gaudioso

Asubuhi Gaudioso kampasua jemadari wa marumaru:
kwanza pua, kisha mkono ulionyooka
kuamuru majeshi yavuke Danubi.
Kidole kakitia mkobani, mwanawe achezee.

Jiwe hili lilikuja Roma kwa merikebu na mijeledi,
likasimama juu ya vichwa vya watu karne nne,
likipakwa mafuta, likipigiwa magoti.
Sasa linaalika motoni.
Likinyweshwa maji litachemka kama uji.

"Alikuwa nani?" auliza mkewe, Domnika.
Gaudioso azikodolea herufi za kwenye kitako,
haijui hata moja.
"Mtu mzito. Ng'ombe wawili walishindwa kumvuta."

Jioni wapaka chokaa zizi la mbuzi.
Giza laingia mjini kote,
ukuta ule
unakataa.