Sehemu ya Kumi na Saba

Nimeiona tena, zamu ya usiku, dirisha la dawa, Bombo,
kwenye simu ya kijana wa maabara aliyeniuliza,
"Hivi nyinyi zamani mlikuwa mnaangalia nini?"
Nikamwambia: Wasafiri wa Zohali. Akatafuta, ikaja,
dakika arobaini na nane, tena ya rangi.

Rangi! Kwetu Kepteni alikuwa wa kijivu,
Zohali ya kijivu, na damu ya adui kijivu.
Kumbe sare zao ni za njano kama bizari.
Kumbe milima ya sayari ile ni maboksi yaliyopakwa chokaa,
mshono unaonekana; na mlango wa chombo
unavutwa na mtu, ncha za vidole vyake nimeziona;
na lile dude lililotukojoza
ni zulia, wallahi, zulia lenye taa mbili za baiskeli.

Nikacheka peke yangu. Mgonjwa wa pumu akanitazama.

Barabara ya Kumi na Nne, kwa Kilua fundi redio,
kiingilio ndoo ya maji.
Antena ni mfuniko wa sufuria na spoku
juu ya mlingoti wa mkonge, umeelekezwa Unguja,
na kila jioni mtoto mmoja alipangiwa kuushika,
haoni kitu, anasikia tu wenzake ndani:
"Hapo! Hapo hapo! Usipumue!"

Kiingereza hatukijui. Mkalimani wetu Kibibi Semhando,
kidato cha pili,
anafasiri huku anamenya mihogo:
"Anasema injini imegoma. Anasema wana njaa.
Anasema yule mwanamke alikopa hela hataki kulipa."
Leo nimesikiliza. Hakuna aliyekopa.
Walikuwa wanazungumzia mvutano wa jua.

Sasa, sehemu ya kumi na saba.
Masharubu, fundi wa injini, katoka nje kuziba bomba.
Dhoruba ya mchanga ikaja, mlango ukajifunga,
na chombo kimebakiwa na hewa ya saa moja.
Hapo ndipo picha ikafa.
Kilua akalipiga kasha kofi, chenga tupu,
sauti tu imebaki, ndogo, kama mtu ndani ya mtungi.
Kibibi akaweka kisu chini, akabandika sikio kwenye spika.
Tukangoja. Mimi nilingoja kuliko wenzangu:
baba alikuwa kapanda meli ya katani iliyokwenda Antwapi,
miezi kumi na tisa, barua moja,
na nilikuwa nimeshaamua moyoni, kitoto kitoto,
akirudi Masharubu, na baba atarudi.

"Amerudi," akasema Kibibi. "Kepteni kageuza chombo.
Wamemvuta kwa kamba. Sasa hivi anakunywa chai."
Makofi yakapigwa.
Nikalala usingizi, usiku ule, na mwaka ule mzima.

Safari hii picha haikufa.
Kepteni hakugeuza chombo.
Anaongea redioni, kageukia ukuta,
na Masharubu anamwambia nenda, watu wako wengi, nenda.
Kisha anakaa juu ya boksi lililopakwa chokaa
anapangusa kioo cha kofia yake, taratibu,
kama vile kuna kitu atataka kukiona vizuri.
Wanaondoka. Majina yanapanda.
Hakuna chai.

Asubuhi nikampigia, yuko Muheza, anauza machungwa kwa jumla,
anagombana na dereva wa lori huku anaongea nami.
"Kibibi, kwani ulikuwa unaelewa yale?"
"Nielewe wapi? Kiingereza nilipata sifuri,
mwalimu akaniuliza kama nilikuwa naumwa."
"Basi ulijuaje kama amerudi?"
Akanyamaza. Lori likazima injini.
"Gudibai," akasema, "nani asiyeijua?
Aliisema mara tatu."

Kisha akaniuliza kama nataka gunia, bei imeshuka.
Nikamwambia anitumie mawili.
Sina hata pa kuyaweka.