Daftari la Mvua

Kila siku saa tatu asubuhi nasoma kipimamvua
nyuma ya maabara ya shule, hapa juu ya Tukuyu.
Jumatatu, milimita arobaini na moja.
Jumanne, kumi na nane. Jumatano
wino ulilowa, sikusoma.
Miaka kumi na mmoja nimeandika mvua imekuja kiasi gani.
Haikunijia kuuliza imekuja na nani.

Aliyeuliza ni Tusajigwe wa kidato cha pili.
Alichovya karatasi ya litmasi kwenye chupa yangu;
iliingia ya buluu, ikatoka nyekundu
kama uso wa aliyeshikwa na uongo.
Tukatazama bondeni: tanuri la matofali
hula makaa ya mawe, na usiku, matairi ya malori.
Moshi wake hupanda polepole
kama mtu asiyedaiwa,
hulala ndani ya ukungu wa Rungwe,
kisha huturudia, tone kwa tone, kwenye mabati.

Tukashuka Lwangwe, kiziwa chetu, na kopo.
Mgeni mmoja alikuwa akipiga picha.
"Maji gani haya! Sindano ikianguka unaiona!"
Kweli yaling'aa.
Nyumba iliyohamwa nayo haina taka.
Viluwiluwi hakuna. Kaa hakuna.
Konokono niliyemwokota alibonyea kidoleni
kama yai lililolazwa kwenye siki.
Mdiria alitua kwenye tete, akachungulia,
akachungulia tena,
akaona sura yake tu. Akaruka.

Usiku ndipo nilipoelewa. Masika haya,
na vyura kimya,
vyura niliowatukana miaka yote
nikisahihisha mitihani.

Husemwa moto huzaa majivu,
kumcheka mtoto asiyemfikia baba.
Jana nilimkomba mtoto huyo jikoni kwangu, ndoo mbili;
Tusajigwe akajitwika moja,
tukammwaga kijito kinapoingilia.
Maji yakachafuka, ya kijivu, mabaya kutazama.
Karatasi ile nyekundu ikarudi buluu
mahali penye upana wa mkeka mmoja.
Hatua tatu mbele, nyekundu.

Leo, milimita ishirini na sita.
Nimepiga mstari, nimeongeza safu pembeni ya kiasi,
safu isiyo na jina bado.
Tanuri linafuka.
Ndoo ziko mlangoni, na majirani
wameanza kuniuliza majivu nayapeleka wapi.