Dizeli ya Kusimama

Kile kidude cheusi chini ya kiti
hakijui ufuta wala hakijui Naipanga.
Kinajua mizunguko ya injini, joto, lita.
Usiku kinanitumia tarakimu,
nami, karani wa chama, nazipanga:
ekari moja, lita saba na nusu,
grisi, posho, uchakavu wa jembe.

Ila kuna saa hailimi.
Kila siku, adhuhuri,
trekta limesimama, injini inaunguruma,
dizeli inashuka.
Nikasema, Nandonde huyu ana dumu porini.

Nikapanda bodaboda na daftari langu la mashtaka.
Nikamkuta kivulini mwa gurudumu,
anakula ugali wa muhogo kwa mkono mmoja,
mwingine kaulaza juu ya boneti
kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Betri imekufa tangu Novemba.
Nikizima, nani atasukuma?
Si niliandika barua?"

Barua niliikuta ofisini kwetu,
chini ya birika,
ina duara la chai.

Nikapiga hesabu upya, polepole:
betri tuliyokataa kununua
tumeshainunua mara moja na robo,
kwa moshi.

Safu ile nimeiacha bila jina.
Mkaguzi akija
nitamwonyesha birika.