Kabla ya Kufuta

Saa nne na nusu usiku chuo kimekwisha kuwatema wanafunzi wake.
Huku Hull mvua inarashia tu, haina nia,
nami naingia chumba namba kumi na saba
na ndoo, mopu, na dawa yenye harufu ya limau
ambalo halijawahi kuuona mti.

Mwalimu simjui. Naujua mwandiko wake:
herufi t anaikata mbio, kama mtu anayewahi basi.
Kila Jumanne na Alhamisi yanabaki maneno ubaoni,
manane, kumi, wino wa buluu,
maana upande wa kulia, mshale katikati.
Hakuniachia mimi. Ameyaacha tu.
Lakini makombo ni ya anayefagia.

Bogumila wa ghorofa ya pili ananikumbusha:
dakika tisa kwa chumba, Maureen anahesabu.
Basi mbili naziiba kwenye madirisha, madirisha hayasemi,
naandika daftarini kwa herufi za kwetu, nisijikwae kesho:
metikulasi, riluktanti, yubikwitasi.
Maneno makubwa ya Kiingereza yana mikia mirefu;
ukiyashika vibaya yanakukimbia,
unabaki na mkia mkononi, kama wa mjusi.

Metikulasi nililijua kabla ya kulijua.
Ni shangazi Sechelela kule Kongwa
akichagua karanga za mbegu, moja moja,
hata jua likachoka kumsubiri.
Hakuwa na neno lake. Alikuwa na ungo.

Efemerali, ubao ulisema, ni kisichodumu.
Nikacheka peke yangu. Kumbikumbi!
Wanatoka mvua ya kwanza ikikatika,
wanaruka robo saa,
wanaacha mbawa mlangoni kama risiti.
Nikaliandika, nikalifuta ubaoni,
nalo likawa limetimiza maana yake.

Ambigyuasi: lenye maana zaidi ya moja.
Wenzetu wamelipa jina, kama ugonjwa.
Sisi tuna paa la nyumba, paa wa porini,
paa samaki, paa angani,
na hakuna aliyelazwa.

Kuna moja lililonishinda mwezi mzima:
lina b isiyotamkwa, imekaa katikati
kama mimi kwenye kikao cha wafanyakazi.

Kikao cha Februari ndipo nilipothubutu.
Nikasema, Maureen, mopu hizi ni obsoliti.
Akanitazama kana kwamba ndoo imesema.
Akaniomba nirudie. Nikarudia.
Mopu mpya hazikuja.
Ila siku hizi ananiita kwa jina, Mbeleje,
anahangaika na ile m ya mwanzo,
midomo imefungwa, haijui ianzie wapi.

Alhamisi iliyopita, neno la sita:
akomodeti. Kumpisha mtu. Kumpa pa kulala.
Nililitazama, likanitazama. Limepungua.
Miaka mitatu ya daftari, sura yake naijua:
c mbili, m mbili, mabehewa pacha.
Mwalimu kaweka m moja.
Nikarudia kuhesabu kwa kidole, maana nani mimi?
Moja.
Neno zima la kuwapa wengine nafasi,
na m ya pili imeachwa nje mvuani.

Dakika tatu zimebaki.
Nikachukua kalamu ya buluu, sijawahi kuigusa isipokuwa kuipangusa,
nikaipenyeza m pale katikati, nyembamba, bega upande,
kama tunavyobanana sita kwenye nyumba ya barabara ya Beverley,
zamu ya choo imebandikwa mlangoni.
Nikarudi nyuma hatua mbili.
Likaenea.

Kisha nikapuliza dawa. Kazi ni kazi.
La kwanza likaenda, la pili, la tatu,
buluu ikichuruzika kwenye kitambaa.
Nilipofika la sita
mkono ukawa riluktanti.